Kiuno Kinapungua

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Nesi wa zahanati kasema sukari inaninyemelea. Mimi, kijana wa miaka ishirini na sita! Eti nakaa kwenye cherehani kutwa, soda asubuhi, soda mchana, chipsi jioni, halafu simu mpaka alfajiri. Nani kamwambia? Mchumba wangu, aliyekuwa pembeni akiitikia kwa kichwa. Baba yake alikufa kwa sukari hiyo hiyo, mama akabaki mjane angali binti. Njiani kanipa sharti: kila Jumamosi atanipima kiuno mwenyewe, kwa tepu yangu ya ufundi. Leo ni inchi arobaini na mbili. Kikifika thelathini na nane, mjomba wake atapokea posa. Kisipofika, nikaoe cherehani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza mazoezi. Nimekimbia hadi dukani. Nimerudi na soda. Sindano, fundi mwenzangu, anakula matunda kazini hadharani, bila haya. Mchumba wangu kamsifu mbele yangu. Simpendi yule.

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Kupunguza tumbo ni kazi ya mwaka. Kurefusha tepu ni ya dakika kumi. Nimekata tepu katikati, nikaunga kipande cha tepu kuukuu, ili namba kubwa zichelewe kufika. Inchi moja tu, nyingine kila wiki. Nikipimwa, kiungo kinakaa mgongoni. Nani ataangalia huko?

Jumamosi, 29 Machi
Thelathini na nane! Mchumba wangu kalia kwa furaha, akanikumbatia. Mikono yake haikukutana. Ilibidi nishone vipande vya ziada, maana tumbo nalo halikulala.

Jumatatu, 31 Machi
Mjomba kaleta kitambaa cha suti ya siku ya posa. Heshima iliyoje! Nilikesha na simu, nimempima huku nasinzia, kwa tepu ya kwanza niliyoigusa. Kiuno kidogo ajabu. Nikamwambia, Mjomba, umepungua! Kafurahi hadi kaacha bakshishi.

Jumapili, 6 Aprili
Nife leo. Mjomba aliingia kwa hatua fupi fupi, amebana pumzi. Akakaribishwa kiti. Paa! Suruali ikachanika mbele ya wakwe wote. Shangazi mmoja akamfunika kwa kitambaa cha meza. Sindano, niliyemwalika ili aumie, akanong'ona kwamba za mwizi ni arobaini.
Mchumba wangu akamsikia, akaitaka tepu iliyokuwa mfukoni mwangu. Akaipitisha vidoleni polepole, kiungo baada ya kiungo. Hakupiga kelele. Alisema suruali si kitu. Kinachomuuma ni kwamba alinipa mwezi mzima nijiponye, nami nikautumia kushona. Hataki kuvaa nguo nyeusi za ujane kama mama yake. Akalia. Nikalia. Nampenda sana, jamani.

Jumatatu, 7 Aprili
Zahanati tena. Nesi kasema sukari hainyemelei sasa. Imeingia, imekaa. Mchumba wangu kashika mkono wangu kwa nguvu hadi ukauma. Kanipa nafasi ya mwisho: tepu marufuku, nitapimwa uzito na nesi mwenyewe kila wiki. Safari hii nikidanganya, basi, kila mtu kwao.
Nimeapa mbele yake. Nimetubu kwa dhati. Nimekunywa soda moja, ndogo, ya kutuliza roho.
Mizani ya nesi ni ya springi. Niliichungulia aliponipa mgongo. Imefungwa kwa skrubu mbili tu.