Mapipa Tisa na Sheria Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Nimesoma kanuni mpya za mazingira, karibu zote. Zinabana viwanda vyenye mapipa ya rangi kumi na kuendelea. Karakana yangu ya kutia vitambaa rangi ina tisa. Tisa! Nimewatangazia wafanyakazi wangu sita kwamba maji yetu yataendelea kwenda kijitoni kama kawaida. Mke wangu akauliza kama nimemfikiria kaka yake, dobi, anayefulia chini kidogo ya kijito hicho hicho. Nikajibu shemeji ana mdomo, atasema mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Amesema. Mashuka ya hospitali yametoka bluu. Yote. Yakitoka hivyo tena, hospitali itatafuta dobi mwingine. Nikamweleza kwa upole kwamba bluu humtuliza mgonjwa. Hakucheka. Kaenda kunishtaki. Mimi, niliyemtafutia kiwanja!

Jumatano, 5 Machi
Kaja mkaguzi wa maji, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira. Tukahesabu mapipa pamoja. Akakubali ni tisa. Nikaagiza chai. Ndipo akatoa mkobani kitabu chenye kurasa za manjano: sheria ya maji, kubwa kwa umri kuliko mama yangu mzazi. Asimwage mtu kitu cha kubadili rangi, harufu wala ladha ya maji ya kijito. Basi! Haitaji idadi ya mapipa. Hata kikombe kina kosa! Nikasema sheria hiyo ilishakufa.
“Ilikufa lini, baba? Nani aliizika?”
Kanipa siku saba, la sivyo karakana inafungwa. Chai akanywa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwenye ofisi ya nyaraka kutafuta hilo kaburi. Mtunza nyaraka, kijana mwenye adabu ya kuudhi, akafungua kanuni zangu mpya ukurasa wa mwisho, ule nilioruka nikidhani ni wa wachapaji. Umeandikwa: sheria za zamani zinaendelea kutumika. Zamani haikufutwa. Ilikuwa imekaa kimya tu, ikinitazama.
Jioni fundi wangu mkuu, mama wa watoto wanne, akaniuliza kama aanze kutafuta kazi kwingine. Nilijifanya nafunga koki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Sheria inakataza rangi, basi nitaiondoa rangi. Nimemimina madumu matatu ya klorini kwenye maji machafu kabla ya kuyafungulia. Yakatoka meupe kama ya kisimani! Saa tano mtaa mzima unatokwa machozi kwa harufu. Saa sita shemeji kafika na sare za walinzi, zilizokuwa bluu, sasa nyeupe pe! Jumanne analia nguo nyeupe zimekuwa bluu, leo bluu zimekuwa nyeupe. Mtu huyu haridhiki!
Kisha akakaa kwenye ngazi, akafunika uso. Walinzi wamemnyang'anya kazi. Nikakaa kando yake. Sikuwa na mzaha uliobaki.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kachora mashimo matatu nyuma ya karatasi ya kanuni: mchanga, kokoto, mkaa. Maji yapite humo polepole. Nikasema ni ushamba. Akanikabidhi sepetu. Wafanyakazi wote sita walikuja, ingawa ni siku yao ya mapumziko. Shemeji naye akaja, hakunisalimu, akachimba kunizidi. Nimekwenda kwa walinzi kukiri kosa ni langu. Wamemrudishia kazi. Mimi wamenifukuza.

Jumatano, 12 Machi
Mkaguzi kachota maji ya shimo la tatu, kanusa, kaonja tone! Karakana haifungwi. Fundi mkuu akapiga vigelegele. Shemeji akanipa mkono, japo alinibana vidole makusudi.

Alhamisi, 13 Machi
Wazo! Kuni zinanitesa. Matairi mabovu yanapatikana bure, na yanachemsha rangi upesi. Nimesoma sheria ya maji neno kwa neno, safari hii hadi ukurasa wa mwisho. Haisemi lolote kuhusu moshi! Mke wangu anasema mkaguzi anacho kitabu kingine, cha moshi, kizee zaidi hata jalada limedondoka. Nimecheka sana. Kizee hivyo, kitamfanya nini mtu? Matairi yanaletwa kesho.