Ikonge Haina Makapteni Wawili

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo mtu ameitwa Kapteni. Si mimi.

Nilikuwa nimeketi katika hoteli ya Nyamoita hapa sokoni Ikonge, chai mbele yangu, andazi mkononi, katikati ya hadithi ya kiboko. Ile ya mwaka 2004, nilipoendesha boti ya mwendo wa kasi kule Kisumu, kiboko nyuma yetu, mzungu mmoja akilia kama mtoto, nami nikakata kona mpaka maji yakasimama kama ukuta. Mara Manasseh akapita barabarani. Nyamoita, bila haya, akaita: Kapteni, karibu chai!

Nikamjibu nimeshakaribia zamani. Akasema hakuwa anaongea na mimi.

Miaka ishirini na moja jina hilo ni langu! Hata kwenye daftari la michango ya kanisa nimeandikwa Kapteni Ochoki. Ni kweli kwamba Kisumu nilikwenda kama fundi, kujenga ukuta wa hoteli ya ufukweni. Ni kweli pia kwamba boti ilikuwa imefungwa kamba. Lakini niliikalia, na injini ilikuwa inanguruma. Na kiboko alikuwepo. Mbali kidogo.

Manasseh naye ni nani? Mume wa dada yangu Mokeira. Karani mstaafu wa kituo cha majani chai. Mtu wa mizani na kalamu. Maji anayoyajua ni ya kunawa. Sasa binti yao Celestine, aliyeko Minesota kule Marekani, amemtumia sanduku lenye boti. Wala si boti, ni vipande vya boti! Unaunganisha mwenyewe, unatia mota na betri, unaendesha kwa rimoti. Ikikamilika, urefu ni kama wa mkono wangu. Kwa boti ya mkono mmoja mtu anaitwa Kapteni!

Sitakubali.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Manasseh kusalimia. Yaani kupeleleza.

Sebule haiketiki. Vipande viko mezani juu ya gazeti, vimepangwa kwa namba kama watoto wa gwaride. Tumbo la boti ni la plastiki ngumu, nyekundu. Kuna pangaboi dogo la shaba la kusukuma maji. Nikasema langu la Kisumu lilikuwa kama sufuria ya harusi. Manasseh amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Anasoma karatasi ya maelekezo, anaweka tone moja la gundi, anahesabu hadi sitini, kisha anatia alama ya vema kwa kalamu. Nusu saa kwa kipande kimoja! Nikanyoosha kidole kugusa nione kama gundi imekauka. Mokeira akakipiga kwa mwiko. Dada wa tumbo moja! Ng'ombe wa mahari yake walipokuja, ni mimi niliyewafungulia lango.

Kuna sanduku la pili. Liko chini ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kochi. Nikauliza ni la nini. Wakatazamana. Mokeira akaniambia hayo si yangu, ninywe chai. Siri! Bila shaka humo mna boti nzuri zaidi, na wanataka kunimaliza nayo.

Lakini jicho la fundi halilali. Ubavuni mwa lile sanduku la kwanza nimeona pameandikwa 1:12. Ha! Shule niliacha darasa la sita, lakini resho naijua kuliko mwalimu mkuu. Moja kwa kumi na mbili. Karai moja la saruji, makarai kumi na mawili ya mchanga! Kumbe ile plastiki ni ganda tu, siri ya boti za ng'ambo ni hiyo. Nimeshangaa ubahili wao. Hata choo cha shimo sijawahi kujenga kwa moja kwa kumi na mbili. Lakini inaeleweka: saruji kidogo, boti nyepesi.

Boti yao itazinduliwa Jumapili ijayo, kwenye bwawa la samaki la Nyamoita. Soko zima limealikwa. Nitawatangulia.

Jumanne, 5 Agosti

Boti yangu imezaliwa!

Umbo nimelitoa kwenye beseni la kufulia la mke wangu Edinah. Waya wa kuku ndani, saruji juu, mbele nimeichonga pua kali. Mota nimeing'oa kwenye redio ya kaseti ya marehemu baba. Angekuwepo angejivunia. Au angenichapa.

Edinah alisimama mlangoni akauliza: Baba Maureen, beseni langu limekukosea nini? Nikamwambia mambo makubwa hayaulizi beseni. Akasema sawa, basi hayo mambo makubwa yafue suruali zako.

Jumatano, 6 Agosti

Siwezi kusema boti ilizama. Kinachozama huwa kilikuwa juu kwanza.

Niliisukuma kwa toroli asubuhi hadi bwawani. Njiani pua ilidondoka. Ubavu wa kushoto ukaachwa kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia. Kilichobaki nikakitia majini, nikabonyeza swichi. Kilikwenda chini moja kwa moja, bila hata kuaga. Nyamoita alikuwa anawalisha samaki wake. Akaniuliza kama nawajengea nyumba, maana walikuwa hawajaomba.

Kufika saa sita, soko lote lilikuwa na habari. Jioni Manasseh akaja kunipa pole. Pole! Alikuja na Mokeira na mkungu wa ndizi, kama kwenye matanga. Akanieleza taratibu kwamba ile 1:12 si saruji. Maana yake boti halisi ni kubwa mara kumi na mbili kuliko ile ya mezani. Kila kitu wamekigawa kwa kumi na mbili.

Mokeira akasema: Basi ni kama hadithi zako, kaka, ila wewe huendi kwa kugawa. Wewe huokota kitu kidogo ukazidisha mara kumi na mbili.

Edinah alicheka hadi akashika ukuta. Manasseh hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya jambo. Sijutii.

Leo ni siku ya kuchuma kwao, wote wawili walikuwa shambani kwenye chai. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikitafuta chumvi. Kama mtu angeniuliza, ningesema chumvi. Nikainua kitambaa cha kochi, nikafungua sanduku.

Yesu wangu! Boti ya buluu. Imeshaunganishwa, mstari wa manjano ubavuni, viti viwili vyeupe, kioo cha mbele kama cha gari la waziri. Ile nyekundu kando yake ilionekana kama kiatu. Jamani, iling'aa mpaka nikajiona usoni mwake, na uso nilioona ulikuwa na wivu. Nikaugeuza upande.

Nikawaza haraka. Mwenye akili huficha kizuri. Hii ndiyo atakayonimalizia. Nikapasha msumari wa inchi tatu kwenye makaa ya Mokeira, nikatoboa tundu chini ya tumbo, kama la kidole. Halafu nikaliziba kwa kipande cha sabuni ya buluu ya kufulia ya Edinah, kilichokuwa mfukoni tangu nifue suruali, nikakilainisha kwa kidole kama ninavyolainisha plasta. Kazi safi! Huwezi kuona. Sabuni huyeyuka polepole. Atatoka ukingoni kama mfalme, na katikati ya bwawa ataujua ukuu wa Mungu.

Ile nyekundu nimeiacha. Mimi si mtu mbaya.

Sabato, 9 Agosti

Siku ya kupumzika. Kuandika si kazi.

Mhubiri alisema wivu huozesha mifupa. Alisema vizuri sana. Nilimtazama Manasseh ibada nzima nione kama yanamwingia.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote, ingawa karatasi inalowa. Nguo bado mbichi.

Watu! Kingo zote za bwawa zimejaa, hata mnunuzi wa ndizi kutoka Marani alisimamisha kazi. Manasseh akaanza na ile nyekundu. Akaizungusha polepole, kwa adabu, kama anapima majani. Watu wakapiga makofi. Nikapiga mawili.

Kisha akaichukua ile ya buluu. Nikajisogeza mbele nisikose kitu. Akaomba watu wanyamaze. Akasema siku hizi wengine wanamwita Kapteni, naye anawashukuru, lakini yeye ni karani tu. Akasema Celestine alituma masanduku mawili, na la pili halikuwa lake. Alikesha akiunganisha boti iliyomo, lakini majini hajaitia, maana boti huzinduliwa na mwenyewe. Akaigeuza ubavu. Herufi nyeupe, ambazo Alhamisi hazikuwepo, zimepakwa kwa mkono usiotetemeka:

KAPTENI OCHOKI.

Nikalisoma mara mbili.

Mokeira akainua simu. Celestine alikuwa ndani yake, huko Minesota, na kitambaa cha kulalia bado kichwani. Akapaza sauti: Mjomba! Nimeamka mapema kukuona! Nilikulia kwenye goti lako na hadithi ya yule kiboko. Endesha!

Wakanitia rimoti mkononi. Soko lote likaanza: Kapteni! Kapteni! Miaka ishirini na moja sijawahi kuitwa hivyo na watu wengi kwa mara moja. Na mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichokuwa chini ya tumbo.

Nikasema upepo ni mbaya. Hapakuwa na upepo. Nikasema betri ipumzike kwanza. Manasseh akasema imepumzika tangu Ijumaa. Nikasema tumbo linanikata. Nyamoita akapaza sauti kutoka ng'ambo ya bwawa: Baba Maureen, endesha basi, au Kisumu ulikuwa unauza karanga?

Nikaendesha.

Na iliruka! Nasema kweli mbele ya daftari hili. Pua juu, maji yakifunguka huku na huku, nikakata kona na ikanitii. Dakika moja na nusu. Safari hii hapakuwa na kamba. Nilikuwa nalia, lakini nikasema ni jua.

Halafu povu likaanza. Povu jeupe, zuri, nyuma ya boti. Watu wakashangilia, wakidhani ni mtindo wa Minesota. Povu likazidi. Bwawa likanukia nguo safi. Pua ikainama, jina langu likaenda chini herufi moja moja, mpaka likabaki KAP.

Sikufikiri. Nilijitupa ndani na viatu. Nikakumbuka majini kwamba sijui kuogelea. Nikapiga kelele. Wambea wanasema maji yalikuwa ya kiunoni na kwamba nilikuwa nimeketi. Nilikuwa nimeketi, ndiyo, kwa sababu ya mkondo. Manasseh, asiyejua maji, aliingia na miwani yake yote mbili, akanishika ukosi, akanivuta hadi kwenye nyasi. Kisha akarudi kuitoa boti.

Akaipindua. Nikamwona akipapasa lile tundu. Akatoa kipande kilichobaki, akakinusa. Akanitazama. Nikatazama mbingu.

Halafu akawageukia watu na kuwaambia kosa ni lake, gundi hakuipa muda, wamsamehe, ataitengeneza. Karani ambaye huhesabu hadi sitini! Aliposhika mkono wangu kunipa pole, alinitia kitu kiganjani, akaniambia kwa sauti ya chini: Shemeji, umrudishie Mama Maureen.

Ilikuwa ile sabuni.

Jumatatu, 11 Agosti

Wameshanipa jina jipya. Kapteni Povu. Hata mtoto anayetumwa kununua kiberiti ananiita hivyo.

Nilikwenda hotelini kwa Nyamoita kurekebisha mambo. Nikaanza kuwaeleza kwamba boti iling'atwa na kambare mkubwa kama mtamba, nilimwona kwa macho yangu, ndiyo sababu nikaruka. Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wamemzunguka Manasseh. Sasa wanamwita Mwokozi! Chai bure, na samaki wawili wa bwawani wamefungwa kwenye jani la mgomba. Wakamuuliza aliwezaje kuingia kwenye kina kile hali hajui kuogelea. Akawaambia kwa upole kwamba maji yalikuwa ya kiunoni tu. Wakasema: mnaona unyenyekevu wake! Mimi nikidanganya wananicheka. Yeye akisema kweli wanamsifu. Hii ni haki?

Nimekaa hapa nyuma ya nyumba nimewaza sana, na nimeelewa kosa langu. Nilikuwa napigania jina lililopitwa na wakati. Ukapteni ni wa zamani. Jina lililopo sasa ni Mwokozi.

Kwa hiyo kesho nimemwalika Manasseh tukatembee bwawani, mimi na yeye, tupime mahali pa kuzindulia boti ikipona. Amefurahi sana. Ameniambia alijua nitakuja. Upande wa juu kuna jiwe bapa ambalo kila mtu hukanyaga akitazama samaki, na likipakwa kitu kidogo tu huteleza. Yeye atatangulia, maana ni mkubwa wangu. Mimi nitakuwa nyuma, mikono tayari, na Nyamoita atakuwa anawalisha samaki, aone.

Edinah amepita sasa hivi na beseni jipya, ameniuliza kama nimeiona sabuni yake ya buluu.

Nimemwambia bado naitafuta.