Ufunguzi wa Kituo cha Kusafishia Damu, Karungu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, wazee, wachungaji wa makanisa yaliyosajiliwa na yanayoendelea kusajiliwa, akina mama wa omena, dagaa wa ziwa letu, na wewe Mama Phelesia uliyeketishwa mbele kama mgonjwa wetu wa kwanza, itifaki imezingatiwa. Nawasalimu kwa Kijaluo: Misawa uru! (Umati: Misawa ahinya.)

Mimi, Caleb Nyamongo, Mratibu Mkuu wa Figo, baada ya benchmarking na stakeholders wenzangu katika hoteli kadhaa za Mombasa, nimegundua kwamba viumbe wenye uti wa mgongo hawakujaliwa sawa: samaki wetu, ambaye figo zake zimelala ndefu chini ya uti huo, hutoa sumu nyingi ya damu kupitia matamvua, tena amepewa ziwa zima la kuimwagia, chura huanza hivyo hivyo akiwa kiluwiluwi, kisha akihamia nchi kavu hubadilisha mfumo bila hata public participation, mjusi na kuku hubana maji wakatoa uchafu mzito mweupe, na kuku hana hata kibofu, lakini mmewahi kumsikia akilaumu serikali? (Kicheko, cha dereva wake.)

Sasa mwanadamu, ndugu zangu, anategemea figo mbili tu, na zikigoma hana matamvua. Ndiyo maana Mama Phelesia husafiri hadi Homa Bay mara mbili kwa wiki, akirudi hoi, hata kuanika omena hawezi. Imeniuma sana. Kufikia leo, asilimia tisini na saba ya mateso yake imeshaondolewa on paper, na iliyobaki iko kwenye pipeline.

(Damaris, dadake Phelesia, akionyesha kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe jukwaani, anauliza mashine hiyo ya kusafishia damu itatumia maji gani, maana mfereji wa zahanati hii umekauka tangu Pasaka. Anaombwa aketi.)

Swali zuri, mama, nitalijibu kwa maandishi. Figo zetu! (Haki yetu!) Damu safi! (Watu wanamtazama Phelesia.)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa kupiga picha nasi mapema, ili zitusaidie tutakapoanza kuuombea mradi huu bajeti. Namshukuru Trizah wa hoteli ya hapa Karungu kwa kutuazima friji yake, hiyo tuliyoifunika shuka jeupe. Anaomba irudishwe kabla soda hazijapata moto. Na Mama Phelesia, nimeambiwa leo ilikuwa zamu yako Homa Bay, ukaiacha ili uje kwetu. Huo ndio uzalendo. Gari la mwisho la Homa Bay limeshaondoka, lakini chakula kipo. Asanteni sana.