Mkurugenzi Mkuu Asubiri Kibali

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimeandika jina mlangoni kwa rangi nyekundu: KIWANDA CHA POMBE KALI. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: MKURUGENZI MKUU NI MIMI. Kwa sasa kiwanda ni stoo ya nyuma ya nyumba ya mama mkwe, yenye dirisha moja na harufu ya magunia. Lakini ndani umo mtambo wangu wa shaba: pipa, bomba lililojipinda na ndoo ya maji baridi. Nimeusugua kwa ndimu na chumvi mpaka nikajiona uso. Uso wa mwenye kiwanda, bila shaka.

Kilichobaki ni kibali cha serikali. Karatasi tu.

Mama mkwe amekuja, mikono kiunoni. Amesema stoo ni yangu mpaka Ijumaa. Kibali kisipopatikana, anampa shemeji afugie vifaranga. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa nyuma yake na futi kamba. Akapima ukuta mbele ya macho yangu! Nikamwambia kwa upole asijichoshe bure. Akajibu kwamba hajachoka.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya vibali. Foleni imetoka mlangoni na kukunja kona. Nilivaa suti ya harusi. Imenywea, sijui kwa nini.

Karani wa dirishani, mama mwenye miwani ya mnyororo, ameniambia nijaze fomu, nilete ramani ya chumba, nipate cheti cha zimamoto na cha bwana afya, halafu mkaguzi atakuja. Akaongeza, bila kuninyanyulia macho, kwamba kupika hata tone moja kabla ya kibali ni kosa, na mtambo unafungwa. Nikauliza mkaguzi atajuaje ubora wa bidhaa bila kuonja. Akasema hakuna anayeuliza ubora. Mkaguzi anakagua chumba.

Hakuna anayeuliza ubora! Nimesononeka njia nzima.

Nikajiliwaza kwa fundi mihuri. Nimechongesha wangu: wa duara, una nyota mbili na maneno MKURUGENZI MKUU. Ni mkubwa kuliko wa karani. Wake niliutazama vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Zimamoto wamepita: sawa, mradi kuwe na ndoo ya mchanga mlangoni. Bwana afya amepita: sawa, mradi dirisha liwe na wavu. Mke wangu ameleta mchanga, amepigilia wavu, amechora ramani kwa rula. Mimi nilisimamia.

Fomu nimeipeleka mwenyewe, imegongwa muhuri wangu kila ukurasa, pamoja na kile kisanduku cha "Kwa matumizi ya ofisi tu". Kwani mimi sina ofisi? Karani aliitazama kitambo. Akauliza ni nani aliyeidhinisha ombi langu. Nikasema ni mimi. Akaichana polepole, akanisukumia nyingine.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji, aliyefuata kibali cha vifaranga. Amekipata papo hapo, dirisha la jirani, akiwa na kandambili miguuni! Mimi na suti yangu nimejaza fomu upya, nimesimama, bila muhuri. Mkaguzi atakuja Ijumaa asubuhi.

Hata hivyo nilimwona karani akiutupia jicho muhuri wangu. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu, kabla ya kwenda kazini, amenishika mkono. Amesema stoo hii aliiomba kwa mama yake kwa kuapa kwamba safari hii mume wake hataharibu. Ameniomba kitu kimoja tu: nisiguse mtambo. Niliguswa sana. Nikaapa.

Alipofika barabara kuu nikawasha jiko.

Naomba nieleweke. Mkaguzi anakuja kuona chumba kitupu na mtambo mkavu. Ataondoka akidhani amekutana na mtu wa kawaida! Na molasi yangu ilikwisha kuchachuka pipani. (Kuchachusha siyo kupika. Nimejishauri mwenyewe kisheria.) Nikatia maganda ya machungwa na tangawizi. Tone la kwanza lilipodondoka nilitokwa na machozi, kwanza kwa furaha, halafu kwa mvuke.

Nimepata chupa tatu. Moja ya mkaguzi, nimeiweka mezani. Moja ya akiba, kabatini nyuma ya makopo ya rangi. Moja ya makumbusho ya kiwanda, juu ya boriti, maana siku moja watu watauliza tulianzaje. Zote zina lebo yenye picha yangu.

Mke wangu aliporudi alinusa hewa, akauliza kuna nini. Nikasema natengeneza dawa ya viatu. Akachukua tambara na siki, akasema yeye atafanya usafi wa mwisho, mimi nikapumzike. Mwanamke anayeniamini kiasi hiki ni hazina.

Ijumaa, 7 Machi



Mkaguzi alifika mapema, mtu mrefu mwenye kalamu sikioni. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Shemeji alisimama na boksi la vifaranga, wanalia humo ndani, kana kwamba mambo yamekwisha! Mkaguzi akatia kidole bombani. Kikavu, safi kabisa. Akapima dirisha, akaupiga mchanga teke dogo. Akatoa muhuri, akagonga. Ikabaki sahihi.

Hapo ndipo nilipomkabidhi chupa.

Mama mkwe akashika kichwa. Mke wangu hakutingishika, jambo lililonishangaza. Mkaguzi akasoma lebo, sura ikabadilika. Akafungua, akanusa, akaonja. Kisha akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

"Bwana, watu wananitolea pombe haramu kila siku," akasema. "Wewe umeniwekea maji kwenye chupa ya mfano. Huku ndiko kuheshimu sheria."

Maji! Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama dari.

Mkaguzi akaokota kalamu, akainamia karatasi. Najua, ningenyamaza. Mke wangu alikuwa ananikanyaga kidole cha mguu. Mama mkwe alikuwa ananitabasamia, jambo ambalo sijaliona tangu harusi. Lakini lebo ile ina picha yangu! Mtu aonje kazi ya Mkurugenzi Mkuu, aseme maji?

"Hiyo siyo yangu," nikasema. "Yangu inaunguza koo."

"Baba watoto, nyamaza," mke wangu akasema kwa sauti ya chini.

Nilikwisha fika kabatini. Chupa ya akiba hakuijua. Mkaguzi akapiga funda moja, akakohoa, akajishika ukutani, akafuta machozi. Nikamuuliza anaionaje. Na hapa lazima niandike alivyosema, neno kwa neno: "Nzuri sana." Alisema hivyo huku akikata kibali kwa mistari miwili.

Akaufunga mtambo kwa waya na lakiri. Vifaranga waliingia kabla hajafika getini.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba imenuna. Mama mkwe hajaitikia salamu yangu. Shemeji amefuta jina langu mlangoni, akabakiza neno KIWANDA. Anasema linamfaa.

Mke wangu amefua nguo kutwa. Wakati wa kuanua nguo ndipo aliposema, hakunitazama.

"Chupa niliiweza. Wewe ndiye niliyekushindwa."

Iliniuma. Niliuona uso wake, na nikajua ameaibika mbele ya mama yake kwa ajili yangu. Nimemsaidia kukunja mashuka yote, hata yale ya pembe za mpira. Nimeapa upya, safari hii kwa dhati.

Jumapili, 9 Machi

Matumaini! Nyuma ya hati ya kufungiwa aliyoniachia mkaguzi pana maandishi madogo: ninaweza kukata rufaa mbele ya kamati nzima ya vibali, na kamati inakaa kesho. Nimeandika barua ya kuomba radhi. Mke wangu ameisoma mara mbili. Amesema ni nzuri, niipeleke kama ilivyo, nisiongeze kitu, nisifungue mdomo. Akanitengea chai, akakaa nami. Nilifurahi kweli.

Barua sijaiongezea kitu. Muhuri tu, pembeni.

Ila nimewaza. Kamati nzima, watu wazima na akili zao, wahukumu kazi ya mtu ambayo hawajaionja? Haki iko wapi hapo? Na mkaguzi mwenyewe ni shahidi wangu, alisema nzuri sana. Basi nimeingia stoo, nikawasogeza vifaranga kwa mguu, nikapanda kwenye ndoo ya mchanga na kuiteremsha chupa ya makumbusho. Safari hii nimeinusa kwanza. Siyo maji.

Nimeibandika lebo mpya yenye picha kubwa zaidi. Vikombe vya kuonjea nimeazima kwa shemeji. Amenipa vyote alivyonavyo, tena akasema nisiwe na haraka ya kuvirudisha.