Nilivyoifunga Sauti ya Papa Djuma

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Nimechelewa kazini. Kosa la ukungu. Ulikuwa umelala juu ya maji ya mto, mweupe, unasogea polepole kama mtu anayetafuta viatu vyake. Nikasimama kuuangalia. Baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikanipita zote.

Mkutano. Mama Claudine, directrice, mkurugenzi wetu hapa redioni, alisema Jumamosi inatimia mwaka tangu Papa Djuma atutoke. Papa Djuma! Mtangazaji wa jioni, aliyekuwa anasalimia watu walio ndani ya maboti, mpaka kule Basoko. Mjane wake, Mama Rachida, ataalikwa. Sauti ya mumewe itapita tena hewani. Wote tukainamisha vichwa. Hata mimi.

Halafu akaongeza kitu. Baada ya sherehe atachagua chargé d'informatique. Mtu mmoja wa kusimamia kompyuta zote. Chumba chake mwenyewe, jina lake mlangoni.

Mkutano uliobaki sikuusikia. Niliuona ule mlango. Niliona herufi: FAUSTIN. Za buluu. Zilikuwa zinaelea kidogo.

Shida ni Maurice, fundi wetu wa sauti. Mtu wa Butembo. Haongei sana, hachelewi, anapendwa. Mimi pia napendwa, lakini kwa namna ambayo watu hawaionyeshi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nina mpango!

Sauti za Papa Djuma ziko zote ndani ya serveur, mashine nyeusi ya zamani iliyo chini ya meza ya chumba cha nyuma. Inatumia Linux. Kompyuta za studio zinatumia Windows. Katikati kuna programu inaitwa Samba: Windows inaomba, Samba inapeleka ombi, Linux inatoa. Tundu za clé USB za serveur ziliungua na radi mwaka jana, kwa hiyo kila kitu kinatoka tu kwa waya wa réseau, mtandao wetu wa ndani.

Sasa: nafunga dossier ya Papa Djuma, folda yenye sauti zake. Mtu mmoja tu ataweza kuifungua. Mimi. Jumamosi asubuhi, hofu! Maurice anatoka jasho! Ndipo naingia polepole, shati jeupe, nabonyeza kidogo. Sauti inajaa chumba. Mama Claudine anashika kifua. Mlango ni wangu.

Nilifanya wengine wakiwa wanakula lituma. Nilifungua configuration ya Samba, nikaandika kwamba faustin peke yake ana ruhusa. Nikamuunda huyo faustin ndani ya Linux, na mot de passe, neno la siri, nzuri kabisa. Nikaanzisha Samba upya. Nikakimbilia kompyuta ya Maurice. Accès refusé! Kuingia kumekataliwa! Maneno matamu!

Nikaenda kwenye kompyuta yangu, kuonja ushindi. Jina. Mot de passe.

Accès refusé.

Nikajaribu kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo. Kwa kidole kimoja, kwa heshima. Refusé. Lakini nikiketi kwenye serveur yenyewe, mot de passe ileile inapita bila shida. Chumba cha nyuma wananikubali, studio wananikataa. Kama vile niko watu wawili, na mmoja wao si mtu wa kuaminika.

Mvua ilianza. Niliitazama dirishani mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Maurice ameona. Alikuja na kikombe chake, akaniuliza kama nimegusa serveur. Nikamwambia ni Windows, imefanya mise à jour yake, imejisasisha yenyewe. Akasema bon, tuangalie pamoja. Nikamwambia hapana, kaka, wewe endelea na micro zako, hii ni kazi ya mtu mmoja. Akaniangalia kwa huruma. Siipendi huruma ya Maurice. Ni safi mno.

Mpango wa pili. Ndani ya Linux nikatoa ruhusa zote kwa watu wote. Kusoma, kuandika, kufuta, wafanye wanavyotaka! Dossier wazi kama soko. Nikarudi studio mbio.

Refusé. Samba bado amesimama mlangoni na hanijui.

Halafu courant, umeme, ikakatika. Ikarudi. Sasa serveur haionekani kabisa. Kompyuta zote zinasema hazioni njia. Jana nilikataliwa. Leo hakuna hata wa kunikataa.

Mama Claudine akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba ni unyevu wa mto, unaingia ndani ya waya. Akaitikia kwa kichwa, kwa makini, akasema kumbe ndiyo maana na magoti yake yanamuuma. Nilijisikia vibaya kidogo.

Nikasinzia mezani. Niliona dossier zetu zinateremka mtoni, polepole, kama yale majani yanayoelea, na kila moja ina taa ndogo ndani yake. Nilikuwa ng'ambo nazipungia mkono. Hakuna iliyosimama. Nikaamka na alama za vitufe vya clavier shavuni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mama Rachida amekuja! Si Jumamosi. Leo!

Kitenge cha kijani, mtandio mweupe, thermos ya chai mkononi. Alinikuta peke yangu. Alisema anataka kusikia kwanza bila watu, ili Jumamosi asilie mbele yao.

Nikamwambia sauti inapumzika.

Akakubali! Alisema hata mwenyewe alikuwa anapumzika saa za jua kali, na kwamba atangoja. Akaketi. Akanimiminia chai, tangawizi nyingi. Akanieleza kwamba simu iliyokuwa na sauti ya mumewe ilianguka majini siku moja alipokuwa anavuka kwenda Lubunga. Tangu pale hana kitu. Picha anazo.

«Sura yake ninaiona kila siku, mutoto yangu,» alisema. «Lakini sauti inaanza kunitoroka. Asubuhi ingine ninaitafuta ndani ya kichwa, ninakuta ya ndugu yake.»

Nikaweka kikombe chini.

Nje, mtu alikuwa anafagia maji ya mvua, fyuu, fyuu, na ile sauti ilikuwa nzuri, na nilitamani dunia yote ibaki hapo, mimi na mama huyu na fagio. Ningemwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kwamba kesho itakuwa imeamka.

Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Pondu, mboga yangu ya majani ya muhogo, niliiacha sahanini. Usiku wa leo sitaki kuota kitu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Niliota. Papa Djuma alikuwa amesimama kwenye boti, mdomo unafunguka na kufungika, hakuna kinachotoka. Watu wa ng'ambo wakawa wanainama kusikia.

Lakini niliamka na mpango wa tatu! Ile sauti naijua. Nimeisikia miaka mingi. Nitaitoa mimi! Kwani mjane mwenyewe anasema inamtoroka.

Nikajifungia studio. Nikashusha sauti mpaka tumboni. Nikaongeza mwangwi. «Ninyi mulio ndani ya maboti, jioni njema...» Ah! Nilifumba macho. Niliona taa kwenye maji, niliona akina mama wanasogeza redio karibu. Nilijigusa mwenyewe moyoni. Machozi yalikaribia.

Nikafumbua macho. Nyuma ya kioo, Maurice. Kando ya Maurice, Mama Rachida.

Alimuuliza Maurice kwa upole sana, «Huyu iko anaumwa tumbo?»

Maurice akaingia. Hakupiga kelele. Alisema tu, «Faustin, twende kwa serveur.»

Tukaenda. Mama Rachida akatufuata, akaketi kwenye kiti cha chumba cha nyuma, magoti pamoja, kama mtu anayengoja daktari.

Maurice akaanza na waya, kisha namba, ile anwani ya serveur kwenye réseau. Kumbe courant iliporudi, kile kisanduku kinachogawa réseau kiliipa serveur namba nyingine, na Windows zetu zote zilikuwa zinabisha kwenye namba ya zamani. Akaipa namba ya kudumu. Serveur ikaonekana. Kitu kidogo hivyo! Kisha akafungua configuration ya Samba. Akasoma. Akasoma tena. Mimi nikaangalia dari. Kuna doa pale, linafanana na bata.

«Hii jina iko yako,» alisema.

Nikamwambia Windows ndiyo iliandika.

«Windows inajua jina yako?»

«Windows inajua batu mingi.»

Mama Rachida akaficha mdomo kwa mtandio.

Maurice akafuta jina langu, akarudisha la studio kama lilivyokuwa. Akazirekebisha pia zile ruhusa zangu za soko. Akanieleza, bila hasira, kwamba Samba ina watu wake. Hata kama Linux inakujua, Samba haikujui mpaka ujulishwe kwake na upewe mot de passe kwa amri yake yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa mtu chumba cha nyuma na mgeni studio. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Tukarudi studio. Kompyuta yangu bado inakataa! Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Lakini Maurice akaingia mahali Windows inapotunza majina. Ilikuwa imelishika lile la faustin, hailiachi. Akalifuta. Akabonyeza.

Dossier ikafunguka. Bila kelele yoyote. Kama jicho.

Akachagua sauti moja. Tukasikia kwanza studio tupu ya siku ile, mvua juu ya mabati ya siku ile. Halafu kikohozi kidogo, kikavu. Halafu yeye: «Ninyi mulio ndani ya maboti, jioni njema. Mufunike batoto, baridi ya maji iko inakuja. Mimi niko hapa.»

Sikufanana naye hata kidogo. Yangu ilikuwa ya mtu anayetaka kusikilizwa. Yake ilikuwa inasikiliza.

«Tena,» alisema Mama Rachida.

Maurice akarudisha kwenye salamu.

«Hapana. Mbele hajasalimia. Kile kikohozi. Alikuwa anakohoa vile kila mara mbele ya kuniita.»

Tukampigia kikohozi. Akacheka, na machozi yakimtoka, na akasema tena, na Maurice akapiga tena. Mvua ya leo ilianza juu ya mvua ya siku ile, na sikujua tena ipi ni ipi. Nilisimama ukutani. Hakuna mtu aliyenihitaji. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sherehe. Samaki wa kukaanga, ndizi za makemba, watu mpaka barabarani. Sauti ya Papa Djuma ilipita hewani. Wanasema bandarini walizima muziki, na mabaharia wa boti moja wakavua kofia. Mama Rachida hakulia. Alikaa mbele, mgongo wima, na kila kikohozi kilipofika alitabasamu kabla ya wengine kujua kwa nini.

Mama Claudine akasimama. Chargé d'informatique: Maurice. Makofi. Nilipiga pia, polepole.

Halafu Maurice akaomba neno. Alisema kazi ni kubwa kwa mtu mmoja, na kwamba anamtaka Faustin awe adjoint, msaidizi wake, kwa sababu Faustin, alisema, haogopi kugusa.

Haogopi kugusa! Mbele ya watu wote! Hakusema neno lolote juu ya jina langu kwenye configuration. Hata kwa macho. Nilitoka uani. Moshi wa samaki uliniingia machoni, mwingi sana, ikabidi nikae kule muda.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kutoka misa nilipitia mtoni. Maji ya rangi ya chai, jua jepesi, watoto wanaoga. Nilikaa kwenye jiwe. Mtu anapaswa kuyapima matendo yake.

Nimeyapima. Kwa unyofu, bila kujihurumia. Nilimdanganya mjane. Nilimsingizia mto. Maurice ni mtu mwema, na mimi sikustahili.

Nikaendelea kufikiri. Maji yalikuwa yanapita, yanapita. Na hapo nikaliona kosa langu, wazi kabisa, likielea mbele yangu kama boti.

Nilifunga dossier moja tu. Mtu mwenye akili angefunga zote.