Askofu wa Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Mama mkwe amechoka na ugomvi wetu. Chumba cha mbele cha marehemu baba mkwe atapewa atakayeshinda sataranji Jumamosi, mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji anapima macho. Anataka kupanga miwani humo. Mimi kinyozi, nataka viti na kioo kikubwa. Shemeji anajua kucheza. Mimi sijui. Ila akili ninayo. Marehemu hakuwahi kushindwa, na ubao wake uko kabatini kwetu, chini ya mashuka. Mke wangu amekataza usiguswe. Nimeugusa.

Jumanne, 4 Machi
Nakumbuka mtindo wa mzee. Wenzake walikimbilia kutoa askofu. Yeye alisogeza askari wa mbele ya farasi hatua moja tu, akamficha askofu nyuma yake, akiuchungulia ubao mzima kwa mshazari. Halafu akangoja. Walimcheka. Kisha wakashindwa.

Nilipanga kete zote mahali pake, nikaenda kunyoa. Kurudi mchana, askari amesogea. Askofu yuko nyuma yake, kimya. Mke yuko kwa mama yake tangu asubuhi. Mlango nilifunga mwenyewe. Paka hatuna.

Nimefurahi mno. Mwalimu wa bure!

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi yanaenda vizuri. Nacheza kete nyeusi, natoka kwenda barazani kunyoa mtu, nikirudi nyeupe zimeshajibu. Askofu hatoki. Ananitazama tu mpaka nakosea mwenyewe. Jikoni kunanuka dawa ya kuchua magoti, ile ya mzee. Mteja ameuliza ni nani anakohoa ndani. Nikamwambia redio. Ameondoka na nusu ya ndevu.

Alhamisi, 6 Machi
Mke ameuona ubao. Hakufoka, ndipo nikaogopa. Aliutazama, akavuta kiti kando kidogo, kama anayempisha mtu.

"Baba alimwacha askofu nyuma mpaka akuchoshe," alisema. "Akishamtoa, huna pa kwenda. Rudisha kabatini."

Nimeahidi. Nimeuweka chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Machi
Tulichezea chumba cha mbele, kwa ubao wa mzee. Niliubeba kwa siri ndani ya mfuko wa taulo zangu. Mke aligundua tukiwa tayari tumeketi. Shemeji alianza kwa fujo, kete zote katikati. Mimi nikasogeza kale kaaskari. Nikamficha askofu. Shemeji akavua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena.

Nikangoja. Alianza kujifunga mwenyewe. Njia ya mshazari ikafunguka mpaka kwenye ngome yake. Nimeshinda! Nikanyoosha mkono. Askofu hanyanyuki. Mzito kama pasi ya mkaa. Nikamvuta kwa mikono miwili, mbele za watu.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Ikatoka sauti yenye kikohozi, si yangu:

"Umekonda, mwanangu. Unakula kweli?"

Shemeji akalia kama mtoto. Mama mkwe akaweka sinia chini, akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuupata tangu nioe.

"Umechelewa kurudi," aliniambia.

Nikamkumbusha kuwa ni mimi, mkwe wake, kinyozi. Hakuna aliyesikia. Akanifunika magoti kwa khanga. Baadaye akatoa uamuzi: chumba hapewi mtu, mwenyewe bado anakitumia. Akatutoa wote, akafunga. Tulipokuwa mlangoni kiti cha ndani kililia, kama mtu ameketi.

Jumapili, 9 Machi
Mke anasema niache kabisa. Anasema kuna mambo hayachezewi. Maneno ya kike. Nimekaa nikachambua mchezo kwa utulivu na kosa nimeliona: nilitegemea askofu mmoja, na mzee alikuwa nao wawili. Wa pili nitamficha upande wa pili.

Tena nimepata wazo kubwa kuliko hilo. Kama chumba kina mwenyewe, basi mwenyewe anaweza kumgawia amtakaye. Inatosha niwe yeye mchana mmoja, niseme mbele ya mama mkwe kwamba chumba apewe kinyozi. Rahisi!

Nimechukua koti la marehemu sandukuni. Asubuhi mikono ya koti ilinifunika vidole. Sasa hivi, baada ya chakula, imenikaa sawasawa. Magoti yananiuma kidogo. Hali ya hewa tu.

Mke ameita kutoka jikoni, chai tayari. Amesema, "Baba, njoo unywe."

Nimeitika.