Premiamu ya Issuna

Jumanne, 3 Juni 2025
Nimeenda Singida mjini kujaza madumu ya petroli ninayouza kwa chupa kando ya barabara. Kituo kina pampu mbili! Petroli ya kawaida, na premiamu, imezidi shilingi mia tatu kwa lita. Nikamuuliza muuzaji tofauti yake. Akasema inasafisha injini. Nimechungulia, sikuona tofauti yoyote. Na watu wanapanga foleni kulipa! Nimenunua ya kawaida. Njia nzima hadi Issuna kichwa kinachemka. Mahari ya Editha nimeiona pale pale kwenye pampu. Barua yangu ya posa iko kwa baba yake, Mzee Leonidas, wiki ya tatu sasa. Kimya! Usingizi sipati.

Jumatano, 4 Juni
Leo meza yangu ina bei mbili. Chupa za kawaida, elfu tatu na mia tano. Chupa zilizofungwa kitambaa chekundu shingoni, PREMIAMU, elfu nne na mia tano. Emiliana, anayeuza petroli ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akashika nguzo. Hakuna aliyenunua. Bodaboda mmoja aliinua chupa mbili juani, akasema hawa ni mapacha. Aibu! Lakini amenifumbua macho. Tatizo ni rangi.

Ijumaa, 6 Juni
Alizeti! Singida nzima inakamua alizeti, nami nahangaika na rangi? Vijiko viwili vya mafuta kwa kila lita. Imeng'aa kama asali. Chupa nane zimeondoka kabla ya adhuhuri. Emiliana hacheki tena.

Saa kumi akaja Mzee Leonidas na pikipiki yake. Shikamoo yangu ilitoka kwa kigugumizi. Nikamwelekeza kwenye chupa za kawaida. Akanuna. Akauliza kama yeye ndiye mtu wa kawaida hapa kijijini, hadi mkwe mtarajiwa amfiche kizuri. Akachukua lita tatu za premiamu. Nikazipokea pesa. Jumapili anampeleka mama yake Editha kanisani. Mungu wangu!

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Pikipiki imefika kanisani na moshi mweupe na harufu ya chapati. Watoto waliifuata wakidhani kuna sherehe. Ikazimika mlangoni, haikuwaka tena. Fundi Gasto alichovya kidole kwenye tangi, akanusa, akatangaza kwamba hii ni ya kukaangia vitumbua. Mzee Leonidas akanitazama. Nikasema labda ni masalia ya petroli ya Emiliana.

Emiliana alikuwa nyuma yangu. Anaongoza kwaya, sauti anayo. Aliwaeleza waumini wote jinsi alivyoniona Ijumaa na kijiko na dumu la alizeti. Nimerudi nyumbani kwa kupita mashambani.

Jumatatu, 9 Juni
Posa imerudishwa asubuhi. Editha amenitumia ujumbe. Anasema baba yake angesamehe pikipiki, kilichomuuma ni uongo. Niende mwenyewe, nikae chini, niseme ukweli. Yeye bado ananitaka. Nimeusoma mara tano. Nimelia, sifichi.

Kisha nikafikiri sana, na kosa nimeliona. Ile barua niliipeleka katika bahasha ya kaki! Nani akubali posa ya kaki? Nimenunua bahasha nyeupe yenye kingo za dhahabu, nikainyunyizia manukato. Barua ya ndani ni ile ile. Naipeleka kesho.